Waovu wa Ibighi na Chungu Kimoja

Ukimuuliza Dennis Chilongani anamshukuru Mungu kwa lipi, hataanza na afya wala ajira, ingawa vyote anavyo. Atakuambia anashukuru kwa ajili ya waovu wa Ibighi. Asiyemjua humkodolea macho. Afisa mifugo wa serikali, mtu wa kwenda ibadani na shati lililopigwa pasi, anamshukuruje Mungu kwa waovu? Lakini ndivyo alivyo, na ukiyasikia yaliyompata utaona kwamba hana kosa.

Dennis ni mzaliwa wa Manyoni, nchi ya jua, ambako ng'ombe hutambuliwa kutoka mbali kwa vumbi analotimua. Alipoajiriwa akapangiwa Rungwe, kata ya Nkunga, ambako ng'ombe hukaa bandani kama mwari na majani hukatwa yakaletwa kwake. Hilo alilizoea upesi. Mvua ndiyo ilimshinda. Mvua ya Tukuyu haipigi hodi, na ikiingia haiagi. Viatu vyake vya ibada viliota ukungu chini ya kitanda, soksi zikawa hazikauki mpaka azivae, na Mgogo wa watu huyu akajifunza kunywa chai tangu asubuhi hadi jioni ili tu ashike kitu cha moto.

Watu walikuwa wema, hilo lazima lisemwe. Kila banda aliloingia kutibu ndama alitoka na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, au parachichi, au maziwa mgando. Jioni akirudi kwenye chumba chake cha kupanga pale Ibighi, upande wa mji wa Tukuyu, alikuwa na chakula cha kulisha harusi na hana wa kula naye. Alikuwa akila amesimama, akitazama barabara dirishani, na mara nyingi ndizi nyingine ziliivia kwenye kona hadi zikaoza.

Ng'ambo ya barabara hiyo palikuwa na mgahawa wa Atupele. Atupele ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuwaita wateja hata walioshiba. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, hufunga nusu ya mlango, na ndani husikika vicheko, kubishana, na kopo likitikiswa. Jumapili moja mvua ilimkuta Dennis nje bila mwavuli. Akajibanza chini ya baraza, nusu ya mlango ikafunguka, na fundi pikipiki aitwaye Ezron akatoa kichwa.

"Wewe si ndiye daktari wa ng'ombe? Ingia. Tumepungukiwa mtu mwovu."

Ndivyo alivyoingia. Mezani alimkuta Mwalimu Ackson, anayefundisha historia sekondari, na Lightness, nesi kutoka Same aliyekaa Tukuyu hadi anaota kwa Kinyakyusa. Mchezo waliokuwa wakicheza haukuwa na ubao wala karata. Ackson aliusoma kwenye simu akautafsiri kwa namna yake. Yeye ndiye msimulizi: anaeleza nchi iliyotungwa, yenye milima, wafalme na mazimwi. Kila mchezaji ni mtu mmoja katika nchi hiyo, na husema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, mchezaji huingiza mkono kwenye kopo la siagi na kuchomoa kizibo cha soda kilichoandikwa namba. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, shauri yako.

Katika michezo ya namna hiyo, watu wengi huwa mashujaa. Hawa walikataa. Atupele ndiye aliyetoa hoja, na hakuna aliyeweza kuipinga.

"Wema tumeuimba tangu asubuhi," alisema. "Mchana tupumzike."

Basi wakawa waovu, na wakagawanyika pande mbili, kwa sababu hata waovu hawakosi kudharauliana. Atupele na Lightness walikuwa wa Ukoo wa Majivu, wachawi wa kuamsha wafu na kuwatuma kazi. Ezron alikuwa wa Nyumba ya Chumvi, watu wa kukausha chemchemi za wengine kisha kuwauzia maji. Majivu na Chumvi walikuwa wamechukiana tangu enzi za mababu. Ila sultani mmoja, mwovu kuwashinda wote, aliwaajiri pamoja wakaibe taji lililozama katika ziwa kileleni mwa mlima, na aliyerudi bila mwenzake angekatwa kichwa. Kwa hiyo walisafiri pamoja, meno yakiwa nje.

Utamu wote ulikuwa hapo. Wakipiga kambi, Majivu waliwasimamisha wafu wao upande unakotoka upepo, ili Chumvi walale na harufu. Chumvi nao waliwapimia Majivu maji kwa kifuniko cha chupa, tena ya chumvi. Walichoma vijiji, waliiba vivuli vya watu na kuvitia guniani, walimdanganya hata farasi wa kuhani. Jambo moja tu walilishika: jioni walikula chungu kimoja. Waliapa hivyo mwanzo wa safari, Atupele ndiye aliyetaka, na Dennis aliyakuta mapatano hayo yapo tayari. Akayachukulia kama pambo la hadithi.

Yeye akawa Mkuu Magadi, wa pili katika Nyumba ya Chumvi. Na ajabu ni kwamba mtu huyu mpole, anayembembeleza ndama kabla ya kumchoma sindano, alikuwa na kipaji cha uovu kisicho cha kawaida. Walimpenda mara moja. Atupele akaacha kumwita afisa, akamwita mdogo wangu. Katikati ya mchezo huleta sinia ya ndizi zilizopikwa na maharage, wote hunawa, na mikono mitano huingia. Dennis alikuwa akirudi chumbani kwake Jumapili jioni akijihisi ana ndugu. Alimwambia mama yake kwa simu kwamba amepata watu, na mama, ambaye alikuwa akimwombea hilo kila siku, akalia kidogo.

Sasa sikia alivyoliharibu.

Ilikuwa Jumapili ya mvua kama nyingine. Msafara ulikuwa umefika chini ya mlima, na Ackson akasimulia pango, moto, na mwanamke wa Majivu, yaani Atupele, akipika. Wakati huohuo Atupele mwenyewe aliweka sinia mezani. Wakaanza kula. Dennis, mkono wa kulia ukiwa na ndizi, akasema kwa sauti ya Mkuu Magadi:

"Wakati anageuka kuchukua kuni, natia unga chunguni. Ni dawa ya kuogeshea mifugo, nimeikausha jua la miezi. Haina harufu."

Ackson alimtazama. "Chunguni? Chungu cha wote?"

"Mimi na Ezron hatuli leo. Tumefunga. Sultani nitamdanganya."

Ackson akamsogezea kopo kama mtu asiyependa kazi aliyopewa. Dennis akachomoa kizibo chenye namba kubwa kuliko zote ila moja. Atupele akachomoa chake, Lightness chake, vyote vya namba ndogo. Majivu wote wawili wakaanguka pale pale kwenye moto wao. Dennis akacheka, akapiga makofi, akageuka kumtafuta Ezron wafurahi pamoja.

Ezron alikuwa ameutoa mkono wake kwenye sinia. "Chumvi hatufanyi hivyo," alisema.

Karibu na dirisha walikuwa wamekaa watu wawili waliojikinga mvua. Mmoja akamwambia mwenzake kwa kicheko, "Umesikia? Sumu chunguni kwa Atupele." Wakaondoka na mvua ikinyesha vilevile. Atupele akainua ile sinia, bado ina chakula, akaipeleka jikoni. Hakuirudisha. Ackson akafunika kopo, akasema leo tuishie hapa.

Wiki iliyofuata Dennis alikwenda kunywa chai kama kawaida. "Chai au maziwa, afisa?" Atupele aliuliza. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililomuuma, kwa maana ukali ungemwachia pa kushikia. Alikuwa mteja. Jumapili nusu ya mlango haikufunguliwa, wala iliyofuata. Dennis akakaa dirishani kwake akala amesimama. Alianza hata kuulizia ni nani, wilaya yoyote yenye jua, angekubali kubadilishana naye kituo. Mtu mzima aliyekuwa na ndugu wanne akawapoteza kwa unga ambao haukuwepo.

Alishindwa kuelewa, akamfuata Ackson hadi shuleni. Walisimama kwenye uzio, mwalimu akiwa na chaki mikononi.

"Mwalimu, ule ni mchezo. Sisi ni waovu. Kabla ya hapo tulichoma kijiji kizima, watu na mifugo, na Atupele alicheka mpaka akashika mbavu."

"Kijiji kile hatukuwa tumekula nacho," Ackson alisema.

"Lakini chungu chenyewe ni cha maneno matupu."

"Na sinia je? Ulikuwa umeshika ndizi." Ackson akapangusa mikono. "Dennis, sisi huku, mtu mwenye kinyongo na wewe hali na wewe. Akitia mkono kwenye sahani yako amekuambia moyo wake mweupe. Ndiyo maana tunakula pamoja sana, tunakaguana. Wewe ulitia mkono kwa Atupele na sumu kwa Atupele, kwa wakati mmoja. Hata mchawi hukusubiri umeze kwanza, uende zako."

Dennis akahisi joto masikioni. "Basi tufute. Tuseme haikutokea, turudi pangoni."

"Hapa hatufuti," Ackson alisema. "Hapa tunasema. Njoo Jumapili. Nitawaita wote, waovu wa hadithi na wanaowacheza."

Jumapili hiyo nusu ya mlango ilikuwa wazi. Dennis alifika kabla ya wenzake akakaa mikono magotini, kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Jikoni alisikia chungu kikitokota, na harufu ya ndizi na vitunguu ikamfikia, lakini Atupele alitoka mikono mitupu akakaa. Ezron akaingia, ana mafuta ya pikipiki kwenye kucha. Lightness alikuja na sare ya kazi.

Ackson alianza na wale wa hadithi, na alitumia akili kubwa, kwa sababu kinywa hufunguka vizuri kikiazimwa jina la mtu mwingine. Alisimulia kwamba Majivu hawafi mara moja. Wameamka pangoni na mdomo mchungu, na mbele yao wamekaa Chumvi. Kabla ya kupanda mlima, kila upande utoe lililo moyoni.

Atupele alisema kwa sauti ya mchawi wake kwamba Chumvi walikausha chemchemi ya bibi yake, ile ya kuogeshea wafu, na tangu hapo wafu wa ukoo wanafanya kazi wananuka. Ezron akajibu kwamba wafu hao hao walikanyaga shamba la shangazi yake wakamtisha punda, na punda hadi leo anatembea kinyumenyume. Lightness akasema punda yule alikuwa mjinga kabla ya wafu. Kicheko kikatoka, kidogo, cha kukohoa. Dennis naye, kama Mkuu Magadi, aliomba radhi kwa unga. Majivu wakasema wameisikia.

"Sasa wenyewe," Ackson alisema.

Lightness alikuwa wa kwanza. "Mimi ulinikera ulipopiga makofi. Kufa si neno, nakufa kila Jumapili. Ila uliyafurahia sana makofi yale."

Ezron akasema, "Mimi uliniweka kwenye mfungo nisioujua. Ulinifanya mwenzako bila kuniuliza."

Atupele alilainisha kanga magotini. "Mimi naishi kwa mkono wangu," alisema. "Mtu anayekula hapa hanijui moyo, anauamini mkono. Ulisema sumu na chakula changu kikiwa mezani, na watu wakasikia. Wapo ambao hawajarudi. Lakini hilo litapita, watu wana njaa, watarudi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuita mdogo wangu."

Dennis aliomba radhi. Aliomba kwa kila mmoja kwa jina lake, na kwa Atupele alishuka kwenye kiti. Yote yalipokelewa. Kisha Ackson akamgeukia.

"Na wewe? Una neno gani na sisi?"

"Mimi sina neno na mtu," Dennis alisema upesi. Alidhani amejibu vizuri.

Hakuna aliyesogea. Atupele hakwenda jikoni. Chungu kiliendelea kutokota, na mvua ikaendelea na kazi yake juu ya bati.

"Mficha uchi hazai, afisa," Ezron alisema.

"Kweli sina. Nyinyi mmenikosea nini? Mmenipokea tu."

"Umekaa nasi mwaka na kitu," Atupele alisema, "na huna neno na yeyote? Basi hukai nasi. Unapita. Mpita njia ndiye hana neno na mtu. Mimi siwezi kumpakulia mtu nisiyejua ana nini tumboni."

Dennis aliangalia meza. Kwao Manyoni alilelewa kwamba mgeni mwema humeza. Alikuwa amemeza hadi akasahau kwamba kumeza ni kazi. Akaanza na lililo jepesi.

"Mnapoongea Kinyakyusa mkacheka, mimi nacheka pia ili nisionekane mjinga. Sijui mnacheka nini. Wakati mwingine nadhani ni mimi."

Lightness akashika mdomo. Ackson akaitikia kwa kichwa, taratibu. Lakini Atupele aliendelea kumtazama.

"Hilo la juu," alisema. "La chini?"

La chini lilichukua muda. "Nilipoanguka na pikipiki ile njia ya Nkunga, kabla ya ule unga, nikalala ndani na mguu," alisema. "Kitanda changu kiko dirishani. Jumapili zote nilikuwa nawasikia. Kopo lilikuwa linatikiswa, mnacheka. Ezron alikuwa anamchezea Mkuu Magadi, nilisikia hadi sauti ya kuniiga. Ni kuvuka barabara tu. Hakuna aliyevuka."

Sasa ikawa zamu yao kuangalia meza.

"Tulijua umekwenda kwenu," Ezron alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba hakutuambia. Wewe hukutuambia."

"Sikuwaambia. Nilitaka mje bila kuambiwa."

Ndipo alipojisikia mwenyewe. Unga ule aliotia chunguni, akijidai ni ujanja wa Mkuu Magadi, ulikuwa umekaa naye tangu kitandani, ukikauka taratibu dirishani. Jua la miezi alilolisema lilikuwa kweli. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wamekutana na watu kama yeye. Dennis akafuta macho kwa mkono wa shati, bila aibu yoyote, na moyoni akashukuru kwamba kuna watu duniani wanaokataa kumlisha mtu mpaka aseme linalomuuma. Kwingine angelishwa na kuachwa.

"Tulikosa," Atupele alisema. "Dirisha lako naliona nikifagia. Niliona taa inawaka nikasema amemwachia mtu chumba. Ningeweza kugonga." Akasimama. "Pole ya mguu. Imechelewa, lakini ni yako."

"Ndaga," Dennis alisema. Ni neno la asante alilokuwa akipewa kila siku na wenye ng'ombe wa Nkunga, na ilikuwa mara ya kwanza yeye kulitoa.

Atupele akaenda jikoni, akarudi na sinia. Maji ya kunawa yakapitishwa. Ackson akasimulia kwa ufupi kwamba huko pangoni pia chungu kimewekwa, Majivu upande huu na Chumvi upande ule, na kwamba kesho watapanda mlima wakichukiana kama desturi. Mikono minne ikaingia, na wa tano ukasogezewa nafasi.

Wakala. Katikati ya kula Ezron akasema kitu kwa Kinyakyusa, mdomo umejaa, na meza nzima ikaangua kicheko. Dennis alishainua uso acheke nao. Atupele akamgusa kiwiko.

"Subiri, mdogo wangu. Amesema kwamba tangu tuanze, ndizi kubwa zote zimekufa upande wako, na wafu wa namna hiyo hata Majivu hawawezi kuwaamsha."

Dennis akaangalia mbele yake. Ilikuwa kweli. Akacheka, baada ya wote, peke yake, na wakamsubiri amalize.